Ritifaa na Mkato Katika Orodha za Maneno ya Kimakonde

Mtu akusanyaye maneno ya Kimakonde huko Mpapura, wilayani Mtwara, huyapanga katika jedwali: safu ya kwanza neno, ya pili ngeli, ya tatu maana. Jedwali hilo likitiwa katika hazina ya intaneti kama faili la maandishi, mara nyingi mkato ndio utengao safu. Basi maana ikiandikwa "nyumba, makazi" pasipo kufungwa kwa alama za mtajo, "makazi" huhamia safu ya nne, na huenda programu isilalamike.

Lililo baya zaidi ni ritifaa. Katika "ing'ande", yaani nyumba, ng' ni sauti moja. Lakini ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni alama mbili mbele ya kompyuta. Atafutaye kwa moja huenda asipate lililoandikwa kwa nyingine, akadhani Kimakonde hakina neno hilo. Wengine huandika ŋ, ambayo mpango wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, huihifadhi kwa baiti mbili. Zikisomwa kwa mpango wa zamani wa Windows, hutokea Å‹. Hapana budi umbo moja lichaguliwe kabla ya kuingiza, na faili la asili litunzwe, kwani mzee aliyelitamka neno huenda asiwepo tena kuulizwa.