Bomba la Nani Refu?

Mkazi wa Ilongero hana haja ya kupanda ndege ili amwone bingwa wa dunia. Bingwa kapita humu humu mkoani Singida, katokea Hoima, Uganda, anaelekea Chongoleani, Tanga. Tuanze naye.

1. Refu kuliko yote yanayopashwa joto duniani: EACOP, kilomita 1,443
Kati ya hizo, 1,147 ziko Tanzania. Uganda imeambulia 296. Mafuta ghafi ya Hoima yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama samli ya asubuhi. Kwa hiyo lazima yabaki juu ya nyuzi joto 50 njia nzima, na kazi hiyo inafanywa na nyaya za umeme pamoja na koti la povu ambalo mabomba yalivishwa kiwandani Sojo, Nzega. Kipande kimoja kina mita 18: basi zima la mkoani na nusu ya jingine. Uwezo wake wa juu ni mapipa 246,000 kwa siku, takriban lita milioni 39. Anayetaka kuyabeba kwa malori ya lita 36,000 aandae zaidi ya 1,000 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo!

2. Refu kuliko hilo: TAZAMA, kilomita 1,710
Ukiondoa joto, mzee huyu wa mwaka 1968 bado anatamba. Alizaliwa kwa shida: Rhodesia ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilikosa njia ya mafuta iliyopitia huko, ndipo bomba likatandazwa kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Linaipita EACOP kwa kilomita 267, zaidi ya safari ya Singida hadi Dodoma.

3. Nene: Mtwara–Dar es Salaam, inchi 36
Hili ni la gesi, lilizinduliwa na Rais Kikwete Oktoba 2015. Kipenyo chake ni sentimita 91. EACOP ina 61 tu.

4. Bingwa wa subira: Songo Songo
Gesi iligunduliwa 1974, ikafika Dar es Salaam 2004. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ugunduzi alikuwa mtu mzima wa miaka 30. Na bomba lenyewe? Kilomita 232 tu.

5. Lililozama sana: TurkStream, mita 2,200
Linasafirisha gesi ya Urusi chini ya Bahari Nyeusi hadi Uturuki. Ung'oe Mlima Hanang kuanzia Katesh, uutumbukize humo: kilele hakionekani.

6. Mfalme wa gesi: China, kilomita 8,700
Hilo ni Bomba la Pili la Magharibi–Mashariki, matawi yake yakihesabiwa. Basi la Singida–Dar, kama kilomita 700, lingekwenda na kurudi mara sita na bado lisilifikie. Ila gesi haigandi kwa baridi ya kawaida wala haihitaji kupashwa joto njiani, kwa hiyo taji la namba 1 halijaguswa.