Macalder: Mgodi uliofungwa 1966 ukaacha dhahabu na sumu

KAMPUNI iliondoka mwaka 1966, lakini uchimbaji haukukoma. Katika eneo la Macalder, Nyatike, Kaunti ya Migori, wachimbaji wadogo wangali wanatafuta dhahabu penye mgodi uliokuwa mashuhuri zama za ukoloni, wengine wakiosha upya mchanga ambao wenye mgodi waliutupa.

Ili kufahamu ni kwa nini mchanga huo una thamani, na pia hatari, ni sharti kurejea nyuma takriban miaka bilioni 2.7.

Wakati huo sehemu hii ilikuwa chini ya bahari. Volkano zilikuwa zikilipuka sakafuni, na maji yaliyopenya katika nyufa za miamba yalichemka, yakayeyusha madini na kuyapandisha juu. Yalipokutana na maji baridi ya bahari, madini hayo yaligandamana pamoja na salfa, yakafanya tabaka zito. Wanasayansi walijionea chemchemi moto za namna hiyo mwaka 1979 katika sakafu ya bahari ya Pasifiki, na tangu hapo asili ya migodi ya aina ya Macalder imeeleweka vyema zaidi.

Ndiyo sababu madini ya Macalder hayapatikani peke yake. Shaba, zinki, dhahabu, fedha na chuma vimechanganyika na salfa katika mwamba mmoja. Aseniki nayo imo. Risasi pia ipo, ingawa kwa kawaida huwa kidogo kuliko shaba na zinki katika miamba mikongwe kiasi hicho.

Miamba hii ni ya ukanda unaotoka upande wa Lolgorien, ukapita Migori hadi karibu na Ziwa Victoria. Asichanganye mtu ukanda huo na milima ya jirani katika Kaunti ya Homa Bay. Mlima Homa na vilima vya Ruri ni mabaki ya volkano changa mno kwa hesabu ya wanajiolojia, zenye umri wa mamilioni ya miaka tu, na mawe yake yana asili ya chokaa.

Historia ya mgodi wenyewe ilianza miaka ya 1930. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Kakamega mwaka 1931, na Wazungu wengi, baadhi yao wakulima walioathiriwa na mdororo wa uchumi wa dunia, wakamiminika Nyanza kujaribu bahati.

Walichokitafuta kwanza Macalder ni dhahabu. Karibu na uso wa ardhi, mvua na hewa vilikuwa vimeozesha mwamba kwa karne nyingi, salfa ikaondoka na kubaki udongo mwekundu wenye kutu ya chuma. Katika udongo huo dhahabu ilikuwa rahisi kutenganishwa. Walipochimba chini zaidi wakafikia mwamba mgumu usiooza, ambamo shaba ilikuwa nyingi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza, lililoundwa mwaka 1948, liliingia katika mradi huo kupitia kampuni ya Macalder-Nyanza. Shaba ikawa zao kuu pamoja na dhahabu. Hatimaye mgodi ulifungwa mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru.

Kilichobaki ni mashimo na marundo ya mchanga uliosagwa. Hapa ndipo tatizo lilipo. Mwamba wenye salfa ukiwa chini ya ardhi haudhuru mtu. Ukishasagwa na kuanikwa kwenye hewa na mvua, salfa hugeuka asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini mazito na kuyapeleka katika vijito. Maji ya eneo hili huelekea Ziwa Victoria.

Wachimbaji wadogo nao wameongeza zebaki. Hukamata chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha huuchoma mchanganyiko huo ili zebaki iwe mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke huo huvutwa na anayechoma pamoja na walio karibu naye, wakiwamo watoto. Zebaki inayofika majini hugeuzwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi, ambayo hujilimbikiza katika samaki.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu ukanda wa dhahabu wa Migori ulibaini kuwapo kwa risasi, aseniki na zebaki katika mazingira ya machimbo hayo. Madhara ya risasi si ya kubahatisha. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, vumbi la mawe ya dhahabu yenye risasi liliua mamia ya watoto mwaka 2010, kwa kuwa mawe hayo yalisagwa nyumbani.

Mawe ya Macalder si sawa na yale ya Zamfara, lakini funzo ni lile lile: mawe yasisagwe nyumbani, zebaki isichomwe jikoni, na maji ya machimbo yasinywewe.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye leseni kuweka dhamana ya kurekebisha ardhi aliyoiharibu, na inatenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii inakochimbwa madini. Inatambua pia wachimbaji wadogo na kuwapa nafasi ya kuomba vibali. Aidha, Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2013.

Hata hivyo, Macalder ilifungwa nusu karne kabla ya sheria hiyo, na hapakuwa na dhamana kama hiyo ya kugharimia usafi. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Shaba ilikwenda zake, na gharama ya kusafisha ikabaki kwa wanaoishi pale.