Kwa Nini Nauli Ilipanda Bara na Kalafati Ikabaki Pwani

MASHUA iliingia mtaani kwetu Jumanne moja ya Julai, juu ya tela ambalo gurudumu lake la kushoto lilikuwa likitoa moshi. Sisi wakazi wa Eastlands tumezoea kuona kila aina ya mzigo ukivutwa kwenye Outering Road, lakini mashua ya mbao, mlingoti umelazwa na kufungwa kamba, ilikuwa kioja. Watoto waliotoka shule waliizingira. "Cheki ndai ya maji!" mmoja akapaza sauti.

Tela lilivutwa hadi gereji moja ya jua kali karibu na Donholm, ambako fundi mmoja kijana hutengeneza matatu. Baada ya nusu saa simu yangu ikalia. "Mwalimu, kuja utusaidie kidogo. Kuna mzee hapa tunashindwa kuelewana. Anaongea Kiswahili."

Nilicheka njia nzima. Kwani fundi mwenyewe huongea lugha gani? Lakini kabla siku haijaisha niliacha kucheka, maana hata mimi niliyeifundisha lugha hii kwa miaka ishirini na ushei nilikwama mbele ya neno moja la silabi tatu, na kukwama kwangu kukamgharimu mtu. Tangu hapo kuna swali linalonisumbua: mbona baadhi ya maneno ya baharini yalipanda bara yakawa ya kila mtu Nairobi, na mengine yakabaki kule kule pwani?

Nianze na kosa lililokuwa jepesi kurekebisha. Mzee alieleza kwamba anatoka Kilifi na anaipeleka mashua Naivasha, "kwenye maji baridi". Fundi akamtazama kwa huruma. "Mzee, Julai hii? Huko baridi ni mbaya, hata hapa unaona tumevaa jaketi." Kwa mtu wa pwani, maji baridi ni kinyume cha maji ya chumvi, yaani maji ya mto, ya ziwa au ya kisima, hata yakiwa yamepashwa na jua la adhuhuri. Kwa mkazi wa Nairobi, ambaye kila akinunua soda huulizwa "baridi ama moto?", baridi ni baridi tu. Nikawapatanisha, tukacheka sote.

Safari yenyewe ilikuwa na hesabu zake. Kuanzia karibu Mei hadi Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Wenye vyombo vidogo wengi huvipandisha ufuoni, na huo ndio wakati wa kuvikarabati: kukwangua magamba yaliyoota chini, kung'oa mbao zilizooza, kupaka mafuta upya. Ulaya wenzao hufanya kazi hiyo wakati wa theluji, mashua zikiwa chini ya maturubai. Kwetu sisi, majira ya kuweka chombo juu ni kusi. Mzee huyu aliona ni hasara mashua kukaa bure miezi hiyo yote. Akaamua kuivuta kwa tela zaidi ya kilomita 600 hadi ziwani, abebe watalii, kisha airudishe wakati wa demani, kusi ikilegea kuanzia mwisho wa Agosti. Wenzake wawili wenye mashua kama yake walikuwa wakingoja kusikia yatakayompata. Akifaulu, nao wangenunua matela. Alikuwa amekopa kulinunua lake.

Beringi iliungua alipopita Mlolongo. Kijana akatumwa Kirinyaga Road kutafuta nyingine, nasi tukakaa juu ya magurudumu ya zamani kumsubiri. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu maneno.

Pembeni yetu makanga wa nganya ya Umoja alikuwa akizozana na abiria kuhusu nauli. Nauli tuliipata kwa Waarabu, nao Waarabu waliipata kwa Wagiriki, na njia nzima ilimaanisha malipo ya kusafirishwa kwa meli. Abiria ni ndugu wa kuabiri, yaani kusafiri kwa chombo; mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kuvuka. Usukani ulikuwa ubao unaozamishwa majini nyuma ya chombo ili kukigeuza, kabla haujahamia mbele na kuwa duara mikononi mwa dereva. Rubani alikuwa mwelekezi wa meli kabla hajapaa angani. Nenda Makongeni au Muthurwa, mitaa iliyojengewa wafanyakazi wa reli, uwaulize wazee maana ya mataruma. Watakuonyesha mihimili inayolazwa chini ya vyuma vya reli. Mzee wa Kilifi alinionyesha ndani ya mashua yake: mataruma ni mbao zilizopinda kama mbavu, zinazoshikilia ubavu wa chombo. Tena hapo Embakasi tuna bandari tangu 1984, nayo haina hata kidimbwi. Tukaiita bandari kavu, na hakuna aliyeshangaa.

Na sisi tunaoandika magazetini! Kila siku tunamkabidhi mwanasiasa usukani, tunazamisha jahazi la chama chake, kisha wiki inayofuata tunatia nanga. Mzee aliponiuliza kama nimewahi kushika usukani, nilimjibu kwamba nimeshika mara nyingi, kwenye karatasi.

Beringi ilifika saa kumi jioni. Kuibadilisha haikuwa kazi kubwa. Tatizo lilikuwa chuma kimoja cha tela kilichokuwa kimepinda chini ya mashua. Ili kinyooshwe na kuchomelewa, ilibidi mashua yenyewe iinuliwe kidogo. Fundi akaingia chini na jeki. Mzee alikuwa upande wa pili akishikilia kamba. "Chini ya mkuku, mwanangu!" akapaza sauti. "Mkuku! Mkuku!"

Msaidizi wa fundi akaangua kicheko. "Kuku gani tena, mzee?"

Jeki ikawekwa tumboni mwa mashua, mahali palipoonekana pana na bapa. Fundi akapampu mara tatu. Ikatoka sauti kama ya mwiko kuvunjika.

Mkuku ni gogo refu linalopita katikati ya chombo chini kabisa, kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Ndio uti wa mgongo. Mataruma hukaa juu yake, na mbao za ubavuni hupigiliwa kwenye mataruma. Ukiinua chombo kwa mkuku, unainua chombo kizima. Ukikiinua kwa ubao ulio kati ya taruma na taruma, ni sawa na kumbeba mtu kwa ngozi iliyo kati ya mbavu zake. Ubao wa tatu kutoka mkukuni ulipata ufa wa shubiri moja na nusu.

Mzee hakutukana. Aliketi chini akautazama ule ufa, kisha akautazama mkono wake. Kijana naye alitoka uvunguni akiwa kimya. "Pole, mzee," alisema hatimaye. "Sikujua unamaanisha nini."

Hakuna aliyeniuliza mimi, lakini nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Neno mkuku nilikuwa nimekutana nalo kamusini, na kama ningeulizwa kwenye karatasi ningejibu kwamba ni sehemu ya chini ya chombo, nikapewa alama zote. Sikuweza kunyoosha kidole na kusema, "Ni gogo lile pale." Kwa hivyo nilinyamaza, huku yule aliyehitaji maana akiendelea kupampu.

Fundi alijitolea kurekebisha bila malipo. Alikuwa na dawa yake, ile poda na gundi wanayozibia mabati ya matatu yaliyobonyea, na pia alikuwa na kipande cha faiba. Mzee akakataa. Sababu aliyoitoa nimeikumbuka kuliko mihadhara mingi niliyohudhuria. Bati halibadiliki ukubwa likilowa, alisema, lakini ubao hunywa maji ukavimba, na ukikauka hunywea. Ukiziba kwa kitu kigumu, ubao utakitema. Inatakiwa pamba, kwa sababu ubao ukivimba huibana pamba, na pamba ikibanwa hukaza zaidi.

Kesho yake asubuhi akapiga kalafati. Jamani, hili nalo kwangu lilikuwa neno la mtihani! Sikuwahi kuona linavyofanywa. Kwanza aliupigilia ufa kiraka cha ubao kwa ndani. Halafu akasokota pamba ikawa kama utambi mrefu, akaichovya kwenye mafuta, akaishindilia ndani ya ufa na mianya ya jirani kwa patasi butu na nyundo ya mbao, kidogo kidogo, akisikiliza mlio. Mlio ukiwa mzito pamba haijajaa. Ukiwa mkavu, basi. Neno lenyewe lilitoka Uarabuni, na Wareno wana lao, calafetar, wa ukoo huo huo. Katika bandari nyingi za dunia mtu huyu angeeleweka. Hapa Donholm hakuelewa mtu.

Baada ya kalafati ilikuja deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu iliyoyeyushwa, unaopakwa sehemu ya chombo inayozama ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Shahamu tuliinunua soko la Burma, ambako muuza nyama alituuliza mara mbili kama tuna hakika hatutaki nyama. Naivasha hakuna wadudu hao, maji yakiwa baridi (kwa maana ya pwani!), lakini mashua ingerudi baharini, na mzee hakutaka kiraka chake kisahaulike. Fundi alipoona ule uji mweupe ukipakwa, uso wake ukachangamka. "Kumbe ni kama ile lami tunapaka chini ya gari isishikwe na kutu!" Nikaona kwamba kwa sentensi hiyo moja alikuwa ameielewa deheni kuliko mimi na kamusi yangu.

Kulikuwa na balaa dogo la mwisho. Siku tatu za upepo wa barabarani na hewa kavu ya Nairobi zilikuwa zimezikausha mbao, na mianya ilikuwa ikifunguka. Dawa yake ni maji: unayamwaga ndani ya chombo ili mbao zinywe. Mzee akanunua mitungi kumi, akaanza kumimina. Mtaa wetu hupata maji ya mfereji mara mbili kwa wiki, yakipenda. Mama mmoja jirani akatoka na kanga kiunoni. "Wewe baba, sisi tunanunua mtungi tupike chai, wewe unaogesha boti?" Mzee akamwomba radhi kwa Kiswahili cha heshima ambacho mama yule alikiri hajawahi kuombwa nacho radhi. Mwishowe wakaelewana: maji ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho, yamwagwe mashuani. Jioni hiyo akina mama wanne walipanga foleni na beseni.

Narudi kwenye swali langu. Nadhani nauli, abiria na usukani vilipanda bara kwa sababu vinamhusu anayesafiri, na msafiri ni yeyote. Kila chombo kipya, kiwe garimoshi, basi au ndege, kilikuta watu tayari wana neno la kulipia, la kupandia na la kuongozea. Maneno ya kukitunza chombo hayakuwa na bahati hiyo. Kalafati inahitaji ubao na pamba, na basi la bati halina mwanya wa kushindilia chochote. Gari lilipokuja lilikuja na fundi wake, na fundi akaja na spana, jeki, beringi, boliti na gereji, maneno yaliyoingia kupitia mikono yenye grisi. Hata hilo tela lililoibeba mashua ni neno la barabara.

Ndiyo maana huwa siwaungi mkono wenzangu wanaodai kwamba vijana wa Eastlands wamekitupa Kiswahili. Huwezi kutupa ulichokuwa hujapewa. Yule fundi hakukataa kusema mkuku. Hakuna aliyewahi kumwekea mkuku mbele ya macho. Tena hatari hii haiko Nairobi peke yake. Huko Matondoni, kisiwani Lamu, majahazi bado huundwa kwa mbao na maneno yangali kazini, lakini palipo na boti za faiba, kijana wa pwani naye hahitaji kujua deheni ni nini. Ningependa vyuo vyetu vya ufundi vimwalike mtu kama yule mzee akiwa na nyundo yake, sisi walimu wa lugha tukae nyuma tuandike.

Aliondoka Ijumaa alfajiri. Jumatatu akanipigia simu. Usiku wa kwanza ziwani mashua ilivuja kila mahali isipokuwa kwenye ule ufa. Aliiacha imelala maji ya kina kifupi siku mbili, ikanywa, mianya ikafunga. Abiria wake wa kwanza walikuwa familia kutoka Thika. Wenzake wa Kilifi amewaambia wasinunue tela bila kubeba beringi za akiba na mkebe wa grisi.

Kisha akamuulizia yule kijana. Nilimweleza nililolisikia asubuhi ile nikipita gerejini: fundi alikuwa akimwelekeza msaidizi wake aweke jeki "hapo kwa mkuku", nalo gari lilikuwa Nissan ya abiria kumi na wanne. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwache," akasema. "Mwambie demani nitapita kwake."