Vyombo vya Chapa Mbalimbali katika Mtandao Mmoja

Ni nadra kuona nyumba ya biashara ambayo vyombo vyake vyote vya mtandao vimetoka kwa mtengenezaji mmoja. Ruta huletwa na kampuni inayouza huduma ya intaneti. Swichi moja hununuliwa kwa Cisco, na ya pili, miaka michache baadaye, kwa MikroTik kwa sababu bei yake ni nafuu. Kompyuta na mashine za kuchapa nazo huwa za namna nyingi. Mambo yanapoharibika, watu hudhani kwamba mchanganyiko huo ndio ugonjwa wenyewe. Dhana hiyo si sahihi.

Vyombo hivi huweza kuelewana kwa sababu vina kanuni za pamoja. Ethernet ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na wenzake katika maabara ya Xerox huko California. Mwaka 1980 kampuni za DEC, Intel na Xerox zilitangaza kanuni zake, na mwaka 1983 chama cha wahandisi, IEEE, kiliidhinisha kanuni iitwayo 802.3. Tangu hapo kila mtengenezaji aliyezifuata kanuni hizo aliweza kuuza chombo kitakachosemezana na vya wengine. Jambo hili lafanana na kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930: haikuzifuta lahaja za Kiswahili, bali ilisimamia namna moja ya kuandika ambayo watu wa nchi mbalimbali wangeweza kuisoma.

Lahaja zimo katika vyombo pia, na taabu huanza pale zinapokutana. Kwa mfano, nyaya kadhaa huweza kufungwa pamoja zifanye kazi kama waya mmoja. Cisco ina itifaki yake ya kufanya hivyo, PAgP. Ile ya wote, LACP, ilitolewa mwaka 2000. Swichi moja ikitumia ya kwanza na jirani yake ikitumia ya pili, fungu hilo halifungiki. Hivyo, penye chapa mbili, hapana budi fundi achague itifaki ya wote, hata kama ile ya mtengenezaji aliizoea zaidi.

Kosa jingine ni gumu zaidi kutambulika. Waya wa mtandao huweza kupitisha habari pande zote mbili kwa wakati mmoja, au kwa zamu. Kwa kawaida vyombo viwili hupatana vyenyewe juu ya jambo hili. Lakini fundi akikilazimisha chombo kimoja kupitisha pande zote kwa wakati mmoja, na kuuacha upande wa pili utafute mapatano, upande huo hausikii jibu. Katika mwendo wa megabiti 10 au 100 kwa sekunde hujua mwendo tu, kisha huchagua zamu. Hapo mmoja husema wakati mwenzake anadhani ni zamu yake. Majaribio madogo hupita salama, bali faili kubwa hutambaa. Muuzaji wa ruta humlaumu muuzaji wa swichi, na huyu humrudishia lawama. Kumbe hakuna chombo kibovu. Dawa yake ni kuziacha pande zote mbili zipatane zenyewe, au kuzilazimisha zote sawasawa.

Kwa hiyo mwenye biashara ahitaji zaidi ya mtu wa kila chapa. Ahitaji mmoja anayewajibika kwa mtandao mzima. Tena ahitaji daftari linaloonyesha kila chombo, kila waya unakotoka na unakokwenda, na nakala ya mipangilio iliyowekwa. Asiye na daftari hilo hufungwa na yule aliyemwekea mtandao, kwa kuwa maarifa yote yamo kichwani mwa mtu huyo. Aliye nalo huweza kubadili fundi, na huweza kununua chombo popote bei inapofaa, maadamu kinafuata kanuni za wote.