Kipimo Kinapotushangaza: Somo Kutoka Tangi la Maji ya Bahari

Mwalimu anayefuga samaki wa baharini katika tangi la kioo, nyumbani au darasani, hana budi kupima maji mara kwa mara. Maji ya bahari kuu huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja, na pH yake hukaribia 8.1. Ikitokea siku kipimo kikaja tofauti kabisa, wanafunzi huuliza upesi, "Tutie dawa gani?" Swali hilo limeruka hatua. Swali la kwanza ni hili: je, kipimo chenyewe ni cha kweli? Utaratibu ufuatao utawasaidia kulijibu.

1. Kukagua chombo. Hidromita huelea juu zaidi katika maji yenye chumvi nyingi. Viputo vya hewa vikiigandama, huiinua, na chumvi huonekana imezidi. Kadhalika, hidromita iliyotengenezwa kwa maji ya nyuzi 15 za Selsiasi, ikitumiwa katika maji ya nyuzi 28, huonyesha chumvi pungufu kuliko iliyomo. Kwa hiyo chombo kioshwe na kipimo kirudiwe.

2. Kuzingatia wakati na mahali. Usiku viumbe huendelea kutoa kabonidioksidi, wala mwani hauitumii. Ndiyo sababu pH ya alfajiri huwa chini kuliko ya alasiri. Chota maji kidogo, uyapeleke nje, uyapulizie hewa kwa pampu muda wa saa moja, kisha upime tena. pH ikipanda, kabonidioksidi ilikuwa imejilimbikiza majini, fungua madirisha.

3. Kutafuta chanzo. Chumvi ikiwa imezidi kweli, aghalabu maji yamegeuka mvuke na kuiacha chumvi nyuma. Fidia maji hayo polepole kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini. Amonia ikionekana, tafuta mabaki ya chakula au samaki aliyekufa. Katika tangi jipya, bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji majuma kadhaa kuongezeka.

Pupa ina hasara. Chukua mfano wa tangi lenye amonia na pH ya chini. Mwenye haraka hukimbilia kupandisha pH, kumbe amonia huwa sumu kali zaidi kadiri pH inavyopanda. Samaki hufa kwa tiba, si kwa ugonjwa. Aliyetangulia kuondoa uchafu, kupunguza chakula na kubadilisha sehemu ya maji kidogo kidogo huondoa sumu yenyewe.

Darasani, vikundi viwili vipime maji yale yale bila kuambizana, kisha majibu yaandikwe ubaoni. Yakitofautiana, usiseme lipi ni sahihi. Waulize wanafunzi sababu, nao wazijaribu moja baada ya moja. Shule isiyo na tangi itumie mitungi miwili ya maji ya chumvi, mmoja umefunikwa na mwingine wazi, na mrija uliozibwa kwa udongo upande wa chini uwe hidromita. Mtoto aliyezoea kukihoji kipimo kabla ya kutenda ameanza kufikiri kisayansi.