Blanketi la viraka: tushone juu ya karatasi au bila karatasi?



Katika vikundi vya ushonaji vinavyokutanisha wamama waliokimbia vita na wamama wa familia zinazowapokea, swali moja linarudi mara kwa mara. Vipande vya vitenge vimeokotwa kwa mafundi wa sokoni, gunia limejaa, sindano zipo. Sasa vipande hivyo viunganishwe namna gani? Wengine walifundishwa kushona juu ya karatasi. Wengine wanasema karatasi inapoteza wakati, kitambaa kikatwe na kushonwa moja kwa moja. Mabishano hayo yanaonekana madogo, lakini kila upande ukiwa na mwalimu wake kutoka kijiji chake, kikundi kinaweza kugawanyika kwa ajili ya sindano na uzi. Kwa hiyo tumeona vizuri kueleza njia zote, na kusema wazi sisi tunaelekea wapi.

Blanketi la viraka, ambalo Marekani na Uingereza wanaliita kwilti, lina matabaka matatu: uso wa juu uliounganishwa kwa vipande, kijazio cha katikati (blanketi kuukuu au sweta zilizochakaa zinatosha), na kitambaa cha chini. Mishono inayopita katika matabaka yote ndiyo inayoyashika pamoja. Hapa tunazungumzia uso wa juu peke yake, kwa maana ndipo penye uchaguzi.

Njia ya kawaida

Unakata vipande kwa kipimo, unaviweka viwili uso kwa uso, unashona pembeni, unafungua na kupiga pasi. Inafaa kwa mkono na kwa mashini. Ni njia ya haraka, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuisaidia.

Shida yake ni kipimo. Chukua mraba wa vipande tisa, tatu kwa tatu. Kila kipande kimekatwa sentimita 11.2, na mshono unaachiwa milimita 6 kila upande. Ukishona sawasawa, mraba wako unapata sentimita 31.2, na baada ya kuunganishwa na mingine unabaki 30 kamili. Sasa mama mmoja anaacha milimita 8 badala ya 6, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Mraba wake unatoka sentimita 30.4. Jirani yake anaacha milimita 5, naye anapata 31.6. Hakuna aliyefanya kazi mbaya. Lakini miraba hiyo miwili imepishana kwa milimita 12, na siku ya kuunganisha mmoja utavutwa, mwingine utakunjamana, na maneno yataanza: “Ni wale wa upande ule wasiojua kushona.” Tunaomba viongozi wakumbuke hesabu hii kabla ya kusikiliza mashitaka ya namna hiyo.

Mtu anayeshona peke yake hana shida hiyo, maana mkono wake unajirekebisha njiani. Huko Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, wamama weusi, wazao wa watumwa, walishona mablanketi kwa suruali na mashati ya shambani yaliyochakaa. Mistari yao mingi haikunyooka. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, na watu wengi waliyasifu kwa huko kutonyooka. Kazi ya mikono ishirini ni jambo jingine: hiyo inadai kipimo kimoja.

Dawa ni rahisi. Kikundi kikate kipimo kimoja kwa kartoni ngumu, na vipimo vingine vyote vitokane na hicho cha kwanza, si kimoja kutoka kwa kingine, kwa sababu kosa la nywele moja linakua kila mara unaponakili. Mstari wa kushona uchorwe kwa penseli au chaki nyuma ya kila kipande. Anayeshona afuate mstari, asifuate ukingo.

Njia ya karatasi

Hapa watu wanachanganya vitu viwili vyenye jina moja.

Cha kwanza ni cha zamani, na Waingereza wanakijua sana. Unakata karatasi kwa umbo kamili, mara nyingi lenye pembe sita kama chumba cha nyuki. Unakunja kitambaa juu ya ukingo wa karatasi na kukipiga bandi, yaani kukishikiza kwa mshono wa muda. Kisha maumbo mawili yanaunganishwa kwa mkono, sindano ikishika nyuzi chache tu za ukingoni. Umbo likizungukwa na mengine pande zote, bandi inafumuliwa na karatasi inatolewa. Uingereza kuna kifuniko cha kitanda cha hariri chenye tarehe ya mwaka 1718 kilichoshonwa hivyo, na karatasi bado zimo ndani.

Faida yake ni kubwa kwa kikundi chenye mikono mingi: karatasi ndiyo inayopima, si mkono. Aliyeanza jana na fundi wa miaka ishirini wanatoa umbo lenye ukubwa uleule. Mashini haihitajiki, wala pasi, wala meza. Kazi inaingia katika mfuko mdogo. Waliokuwa Bulengo au Lushagala mnamo Februari 2025, kambi zile zilipoachwa ndani ya siku chache, hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Hasara yake ni wakati. Tupige hesabu ya blanketi la mita 1.5 kwa 2. Maumbo ya pembe sita yenye upande wa sentimita 5 yatahitajika zaidi ya 450, na kila moja likunjwe, lipigwe bandi, lishonwe pande sita. Kwa miraba ya sentimita 15, vipande 140 vinakupa blanketi refu kidogo kuliko hilo. Tofauti hiyo ni miezi, si siku.

Kitu cha pili kinachoitwa “karatasi” ni cha mashini. Mistari yenye namba inachorwa kwenye karatasi, kitambaa kinawekwa nyuma yake, nawe unashona juu ya mstari, unafungua kitambaa, unaongeza kingine kwa kufuata namba, na mwishoni unachana karatasi. Kinatoa nyota zenye ncha kali ambazo kwa njia ya kawaida zinasumbua hata mafundi. Lakini kila mraba unakula karatasi yake, vitambaa vinakatwa vikubwa kuliko umbo na mabaki ni mengi, na mshono lazima uwe mfupi ili karatasi ichanike, kwa hiyo uzi mwingi unatumika. Sindano nayo inakuwa butu upesi. Kwa kikundi kisicho na mashini na mnunuzi wa uhakika, hatuoni sababu ya kuanzia hapo.

Karatasi ya namna gani?

Jambo hili linasahaulika, nasi tunaliona zito kuliko mengine yote. Katika mablanketi ya kale ya Uingereza ambayo hayakumalizwa, wachunguzi wamefungua nyuma na kusoma karatasi zilizobaki: barua, hesabu za duka, magazeti, madaftari ya shule. Kwao ni furaha ya historia. Kwetu inaweza kuwa hatari.

Karatasi inayopatikana kwa urahisi kambini ni ipi? Orodha za zamani za ugawaji wa chakula, fishi za kituo cha afya, tokeni zilizokwisha, nakala za kadi ya mpiga kura. Zote zina majina, vijiji vya asili, hesabu ya watu wa nyumba, wakati mwingine na ugonjwa wa mtu. Blanketi linauzwa, linasafiri, linafunguliwa na asiyejulikana. Wala karatasi haihitaji kubaki ndani: inatosha kuachwa mezani wakati wa kazi. Kwa hiyo mama prezidenti wa kikundi akubali tu karatasi isiyo na jina la mtu: magazeti, kurasa tupu za daftari, makaratasi ya vifurushi. Gazeti lisitumike chini ya kitambaa cheupe, wino unachafua. Na orodha zenye majina zisizohitajika tena zirudishwe kwa kamati ili zichomwe.

Tuchague ipi basi?

Kama watoto wanalala kwa baridi, kama ilivyo milimani Masisi, Lubero au Minembwe, tumieni njia ya kawaida, miraba mikubwa, kartoni moja. Tunasema hivyo tukijua kwamba mashirika ya amani, sisi tukiwemo, tunapenda sana kazi ya polepole inayokalisha watu pamoja. Mama mwenye mtoto anayekohoa hakuja kukaa. Amekuja kutafuta blanketi. Baada ya blanketi la kwanza kumalizika, kikundi kinachotaka kuendelea kinaweza kuingia katika pembe sita.

Kama wanachama hawana mashini, wanahamahama, na mikono yao haijalingana, anzeni na pembe sita.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha kwamba hata mraba mtupu unaweza kubeba mengi. Mwaka 1942, Japani ilipoiteka Singapore, wanawake raia walifungwa katika jela ya Changi, mbali na waume zao. Walishona mablanketi matatu ya miraba 66 kila moja. Kila mwanamke alipewa mraba wa sentimita kama 15 ili atarizi jina lake na picha aliyoitaka, na miraba ikaunganishwa. Waume zao waliokuwa wamefungwa upande mwingine waliweza kuona majina hayo na kujua kwamba wake zao wako hai. Blanketi moja liliandikwa kuwa ni la Waingereza, jingine la Waaustralia, na la tatu la Wajapani, yaani wale waliowafunga. Katika jela hiyohiyo wasichana wa skauti walishona blanketi lao la pembe sita kwa vitambaa vya kuokota. Leo liko katika jumba la kumbukumbu za vita huko London. Njia zote mbili ndani ya ukuta mmoja.

Tofauti na wanawake wa Changi, tunashauri jina lisitariziwe kwenye blanketi litakalouzwa. Ua, ndege au jembe linatosha kwa mwenyewe kulitambua.

Jambo la mwisho likubaliwe siku ya kwanza, mbele ya shefu na wajumbe wa pande zote mbili: kikundi kikitawanyika kabla ya kumaliza, nani anachukua nini? Kwa njia ya kawaida ni rahisi, kila mtu anaondoka na miraba yake. Maumbo ya pembe sita yakishaunganishwa hayagawanyiki bila kufumuliwa, kwa hiyo yashonwe kwa mafungu ya saba saba, moja katikati na sita kuzunguka, kila fungu likiwa mikononi mwa mtu mmoja, na yaunganishwe wiki ya mwisho tu.