Athi River: Nguo za Kuuza Nje na Nguvu ya Sera

Athi River, kando ya Barabara ya Mombasa, kilomita 30 hivi kutoka katikati ya Nairobi, ndipo lilipo eneo kuu la Kenya la viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuza nje (EPZ). Sheria iliyoanzisha mpango huo ni ya mwaka 1990. Mwenye leseni husamehewa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10, kisha hulipa asilimia 25 kwa miaka mingine 10. Mashine na malighafi anazoagiza hazitozwi ushuru wa forodha wala VAT.

Lakini msamaha wa kodi haununui nguo. Cherehani za Athi River zilipata kazi hasa baada ya Marekani kupitisha mwaka 2000 sheria ya AGOA, inayoruhusu bidhaa za nchi za Afrika zilizokubaliwa kuingia huko bila ushuru. Suruali ya pamba ambayo kwa kawaida hutozwa ushuru wa zaidi ya asilimia 16 ikiingia Marekani, ikitoka Kenya ilipita bila ushuru, hata kama kitambaa chake kilifumwa China au India. Ruhusa hiyo ya kitambaa cha kigeni ndiyo iliyobeba biashara nzima, na ndiyo pia inayofichua udhaifu wake. Kitambaa hushushwa Mombasa, husafirishwa takriban kilomita 450 hadi kiwandani, hukatwa na kushonwa, kisha nguo hurudi bandarini kwa njia ile ile. Kila siku kontena linapokwama, faida ya ushuru inaliwa.

Pamba ya kitambaa hicho ingeweza kulimwa nchini, huko Nyanza, Magharibi na Pwani, kama ilivyokuwa zamani. Soko lake lilipoachwa huria mwaka 1991 bila mkulima kuhakikishiwa mbegu, mkopo wala bei, wengi waliiacha. Kiwanda cha nguo cha KICOMI cha Kisumu kilifungwa. Kuliacha soko hivyo ni kosa la sera lililo zito kuliko kiwango chochote cha kodi. Umeme ghali ukaongeza mzigo.

Januari 2005 mgawo wa kimataifa wa biashara ya nguo ulipoondolewa, nguo za Asia zilimiminika sokoni na baadhi ya viwanda vya Kenya vikafunga. Ethiopia nayo ilifungua eneo la viwanda vya nguo la Hawassa mwaka 2016, kisha ikapoteza AGOA Januari 2022. Kwa Kenya, muda wa AGOA ulioongezwa mwaka 2015 ulikuwa na kikomo cha Septemba 2025. Oda hutolewa miezi kadhaa mapema, hivyo mnunuzi huanza kusita kabla tarehe haijafika, na wa kwanza kuambiwa wabaki nyumbani ni washonaji, wengi wao wanawake wenye mikataba ya muda mfupi.